Khabari za Kiwanja cha Ndege cha Entebbe, na Safari Yetu Sisi Watu wa Katwe

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu wa jumuiya waliponitaka niandike khabari za zamani kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho, walidhani nitaandika juu ya misikiti na walimu. Khabari hizo zina wenyewe wa kuziandika, nao wanazijua kupita mimi. Mimi nimependa kuandika juu ya kiwanja cha ndege cha Entebbe. Yamkini msomaji wa Katwe au wa Bwera atauliza: sisi na Entebbe tuna nini? Tuna jambo kubwa. Aghalabu ya Waislamu wa wilaya hii waliojaaliwa kuhiji katika zama hizi za ndege wametokea mlango ule, na walioandikiwa kurudi wamerudi kwa mlango ule ule na maji yao ya Zamzam. Tena huku kwetu Kasese kipo kiwanja kidogo, ambacho khabari yake haifahamiki vema illa kwa kuijua kwanza khabari ya kaka yake mkubwa.

Wanavyuoni wanapoutaja uwezo wa kuhiji huutaja kuwa ni masurufu, na kipando, na amani ya njia. Masurufu kila mtu huyatafuta kwa jasho lake: huyu kwa chumvi, huyu kwa samaki, huyu kwa duka, huyu kwa pamba au kahawa. Walakini kipando na amani ya njia si mambo ya mtu mmoja. Hayo hutegemea serikali, na vita, na amani, na khabari za mbali tusizokuwa na mkono ndani yake. Khabari ya kiwanja cha Entebbe, ukiitazama kwa jicho la mtu atakaye kuhiji, ni khabari ya kipando na amani ya njia.

Tuanze na zamani za miguu. Katwe ilijulikana kabla hapajatokea Mzungu, kwa sababu ya chumvi ya ziwa lake. Watu walikuja kuichukua kutoka Bunyoro, na Nkore, na Buganda, na ng'ambo ya Ziwa Edward, wakaibeba kichwani au kwa mitumbwi. Wafalme walipigania ziwa hilo dogo kama watu wapiganiavyo hazina. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika hapa akaliondoa jeshi la Kabarega, akajenga boma aliloliita Fort George. Na katika mwaka huo huo akawaleta nchi hizi askari wa Kisudani, waliokuwa wameachwa kando ya Ziwa Albert baada ya kuondoka Emin Pasha. Wengi wa askari hao walikuwa Waislamu. Nayataja haya ili kijana ajue ya kuwa sala imesaliwa nchi hizi tangu zamani, na tangu zamani hiyo walikuwako watu walioelekea Qibla wakatamani kuiona Al-Kaaba kwa macho.

Lakini njia ilikuwa ngumu. Mtu wa bara aliyetaka kuhiji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kushuka pwani mpaka Mombasa, apande merikebu ya kwenda Jidda. Na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 njia hiyo ikapungua taabu, maana mtu aliweza kuvuka Nyanza kwa meli kisha akapanda gari la moshi. Ya pili ni kushika kaskazini, kuingia Sudan, na kuvuka Bahari ya Sham. Ama kwa njia hii ama kwa ile, aliyeondoka aliaga kama mtu asiyerudi: alilipa madeni yake, akaandika wasia, akawaomba radhi jirani zake. Desturi hiyo ya kuaga tunayo mpaka leo, ingawa sababu yake imepungua.

Sasa tuje Entebbe. Jina lenyewe ni la Kiganda, maana yake viti. Wazee wa Buganda husimulia ya kuwa Mugala, mkuu wa ukoo wa Mamba, alikuwa na viti vyake vya enzi mahali pale, mwambani, kando ya ziwa. Waingereza walipotafuta mahali pa makao ya serikali yao walipapenda kwa ajili ya upepo wa ziwa, na Entebbe ikawa mji wa Gavana mpaka Uhuru. Kwa hiyo si ajabu kwamba ndege zilikuja kukaa huko na si Kampala. Ndege zilimfuata Gavana na barua zake.

Ndege za kwanza za safari za kawaida hazikuhitaji kiwanja. Mwezi wa Februari 1931 kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways ilianza safari ya barua na abiria kutoka London mpaka Mwanza. Msafiri alishuka na Mto Nile kituo baada ya kituo, na katika sehemu za maziwa akachukuliwa na ndege zenye tumbo kama mashua, ambazo hutua juu ya maji. Katika nchi yetu zilitua Butiaba, juu ya Ziwa Albert, kisha Port Bell, bandari ya Kampala, kisha zikaenda Kisumu. Mwaka uliofuata, 1932, safari ikasogezwa mbele mpaka Cape Town. Ndege hizo zilikuwa na faida moja kubwa: maji ni kiwanja kisichohitaji kulimwa wala kufyekwa. Hasara yake ni kwamba maji hayana njia iliyonyoka, yana mawimbi, yana viboko, na usiku hayaonekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za nchi kavu zikawa kubwa na zenye nguvu, na zile za maji zikaachwa. Hapo ndipo Entebbe ilipopata bahati yake.

Kiwanja kilikuwako tangu kabla ya vita, lakini kilikuwa kidogo. Mwaka 1946 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilishirikiana kuanzisha shirika la ndege la Afrika ya Mashariki, East African Airways, na sehemu kubwa ilikuwa ya Kenya. Kisha kiwanja cha Entebbe kikapanuliwa, njia yake ya kurukia ikarefushwa, na tarehe 10 Novemba 1951 kikafunguliwa rasmi upya. Sababu ya kurefusha ilikuwa ndege ya namna mpya, isiyo na mapanga ya kuzunguka, yaani jeti.

Hapa nataka kueleza jambo ambalo vijana wengi huliuliza. Kwa nini njia ya ndege iwe ndefu namna ile? Ndege hubebwa na hewa ipitayo juu na chini ya mbawa zake. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, ndege haina budi kukimbia kwa kasi zaidi na kwa masafa marefu zaidi kabla haijainuka. Nayo ikiwa imejaa abiria na mafuta ya safari ndefu, haja huzidi. Njia kuu ya Entebbe leo ina urefu wa mita 3,658, yaani zaidi ya kilomita tatu na nusu. Kumbukeni kipimo hiki, maana tutakirudia tutakapofika Kasese, ambako nako si pwani. Kiwanja chake kiko karibu mita 960 juu ya bahari, na joto la bonde letu mwalijua.

Mwezi wa Februari 1952 Entebbe ilishuhudia jambo lililoandikwa katika magazeti ya ulimwengu. Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Kenya na mumewe, ikafika khabari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki. Akachukuliwa kwa ndege ndogo kutoka Nanyuki mpaka Entebbe, ambako ndege kubwa ilikuwa ikimngoja. Ikaja dhoruba ya ziwa, kama zijavyo jioni, na huyo aliyekuwa amekwisha kuwa Malkia wa Waingereza akakaa akingoja mvua ikatike kama angojavyo msafiri mwingine yeyote. Kisha akaruka kwenda kwao.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, ikipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kuchukua abiria wa kulipa nauli. Ilichukua watu 36 tu, na safari yote ikawa chini ya siku moja. Zingatieni jambo hili, ndugu zangu: miji mingi mikubwa ya Ulaya na Marekani ilikuwa haijapata huduma ya jeti, na Entebbe ilikuwa nayo. Lakini kazi ya mwanadamu ina upungufu. Ndege ile ile iliyofungua safari hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Mafundi walipochunguza wakaona ya kuwa bati la mwili wa ndege huchoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa kila iendapo juu na kurudi chini, mpaka likapasuka. Na ufa huanzia penye pembe za madirisha na matundu. Madirisha ya ndege mnayoyaona leo yana pembe za mviringo. Sababu ni hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo nchi yetu ya Katwe nayo ilibadilishwa, ingawa kwa namna nyingine. Mwaka 1952 serikali ilitangaza mbuga ya wanyama ya Kazinga, na mwaka 1954, Malkia alipokuja Uganda kuufungua mtambo wa umeme wa Owen Falls, mbuga ikapewa jina lake. Katwe ikabaki ndani ya mbuga kama kisiwa ndani ya ziwa. Pale Mweya, kwenye rasi ya mbuga, watalii wakapata hoteli, na baadaye kiwanja kidogo cha ndege. Basi kwa muda mrefu mtu wa London aliweza kutua Entebbe, akapanda ndege ndogo, akapita juu ya vishimo vyetu vya chumvi na kushuka Mweya kutazama tembo, hali mchimba chumvi wa Katwe aliiona ndege hiyo kwa chini tu. Sisemi haya kwa uchungu. Watalii hununua, na mbuga huajiri. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ambayo ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Kutoka hapo mahujaji wa huku wakawa na gari la moshi mlangoni pao. Wazee walikuwa wakiisifu safari ile: polepole, lakini mtu hulala, husali, na hula chakula chake kutoka katika kapu lake. Ndege ndogo za siku hizo, kwa upande wake, zilikuwa na khatari zake. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison mwezi wa Januari 1954, akaokoka. Kesho yake akapanda nyingine hapo Butiaba, nayo ikashika moto katika kuruka, akaokoka tena, ingawa kwa majeraha. Magazeti yalikuwa yamekwisha kumtangaza kuwa ni marehemu, naye akazisoma tanzia zake mwenyewe.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Shirika la Afrika ya Mashariki likapata ndege kubwa za VC10 katika mwaka 1966, na Entebbe ikawa kituo cha safari za Ulaya. Mwaka 1969 alitua hapo Paulo wa Sita, Papa wa kwanza kuikanyaga Afrika akiwa katika cheo hicho. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya utulivu katika khabari ya kiwanja, na mambo ya utulivu hayana mengi ya kuandikwa.

Mwaka 1972 mambo yalikuwa mengi. Mwezi wa Agosti Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Njia yao kubwa ilikuwa Entebbe. Tarehe 18 Septemba ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted, katika Uingereza, na nyingine zikafuata siku baada ya siku mpaka muda ukaisha. Katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe palikuwa na vizuizi vya askari, na mtu alipekuliwa tena na tena, akafika uwanjani akiwa amebakiwa na kidogo katika kile kidogo alichoruhusiwa. Sisi Waislamu tunapaswa kuikumbuka habari hii kwa ukamilifu wake. Watu wengi walisema wakati ule kwamba waliofukuzwa ni Wahindi, wakanyamaza hapo. Lakini katika hao walikuwamo Waislamu wengi, Sunni na Shia, Ismailia na wengineo, waliojenga misikiti na madrasa katika miji ya nchi hii, waliosimama safu moja nasi, na wengi wao hawakujua nchi nyingine. Aliyekuwa mwislamu katika utawala uliojiita rafiki wa Uislamu hakusalimika kwa kuwa Mwislamu. Maduka katika miji midogo yalifungwa au yakapewa watu wasiojua bei ya sabuni, na kwa miaka mingi baadaye chumvi ya Katwe iliendelea kutoka ziwani lakini sukari haikuja.

Katika mwaka huo huo wa 1972 lilianzishwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na khabari za Hija zikaanza kushughulikiwa kwa umoja. Na katika miaka hiyo hiyo Wayugoslavia walijenga jengo jipya la abiria pale Entebbe, mbali kidogo na lile la zamani. Jengo la zamani likaachwa bila kazi, illa kazi moja ambayo hakuna aliyeitazamia.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France, iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris, ilitekwa ilipoondoka Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Wakaipeleka Benghazi, kisha Entebbe, ikatua tarehe 28. Abiria wakawekwa katika lile jengo la zamani. Wasiokuwa Waisraeli wengi wao wakaachiliwa kwa makundi mawili. Rubani Michel Bacos, Mfaransa, akakataa kuondoka na kuwaacha abiria wake waliobaki, na wenziwe wa ndege wakakaa pamoja naye. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai askari wa Israeli wakaja kwa ndege nne za Hercules, wakapigana muda usiotimia saa mbili, wakaondoka na watu 102. Walikufa watekaji waliokuwapo, na mateka watatu, na kamanda wa Kiisraeli Yonatan Netanyahu, na askari wengi wa Uganda, na ndege za kivita za nchi yetu zikachomwa pale pale zilipoegeshwa. Mateka wa nne, bibi mzee Dora Bloch, alikuwa hospitali Kampala, naye akauawa baadaye.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya usiku ule, na aghalabu vinawahesabu watu wa upande mmoja. Wale askari wa Uganda walikuwa vijana wa nchi hii, wana wa mama zao, nao hawakumteka mtu. Waliwekwa zamu wakakaa zamu. Na bibi mgonjwa wa miaka 70 na zaidi hana kosa katika vita vya mtu yeyote, na dini yetu yakataza kumgusa mzee na mwanamke hata vitani. Hayo mawili nayasema pamoja, wala sioni kwamba moja linalifuta jingine. Mnara wa zamani wa kuongozea ndege ulibaki na matundu ya risasi kwa miaka mingi. Miaka 40 kamili baadaye, tarehe 4 Julai 2016, Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israeli na ndugu wa yule kamanda, alikuja akasimama mahali pale.

Baada ya hapo njia haikuwa na amani. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la Afrika ya Mashariki likavunjika, kila nchi ikashika lake, na Uganda ikawa na shirika lake, Uganda Airlines. Mwezi wa Aprili 1979 jeshi la Tanzania likateka Entebbe. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa na ndege zao pale uwanjani, na ndege yao ya mizigo ikapigwa ilipokuwa ikijaribu kuruka. Amin akakimbilia Libya, kisha akaishia Jidda, ambako alikufa mwaka 2003. Naye akazikwa huko huko, katika mji ambao kila hujaji wetu huukanyaga. Shirika jipya halikuwa na nguvu. Tarehe 17 Oktoba 1988 ndege yake ya Boeing 707 ilianguka karibu na Rome katika ukungu, ikaua watu 33. Mwaka 2001 shirika likafungwa kabisa.

Kiwanja chenyewe, hata hivyo, kilianza kuinuka. Mwaka 1991 iliundwa mamlaka ya kusimamia mambo ya anga, na mwaka huo abiria wa kimataifa waliopita Entebbe walikuwa kiasi cha 118,000 tu. Mwaka 2007, kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, majengo yalitengenezwa upya, na yule aliyengoja mvua ikatike mwaka 1952 akapita tena hapo akiwa bibi wa miaka 81. Umoja wa Mataifa nao ukaweka kituo chake upande wa kiwanja cha zamani, kwa ajili ya kazi zake za Kongo na Sudan. Mwaka 2016 ukaanza upanuzi mkubwa kwa mkopo wa benki ya serikali ya China: nyumba ya mizigo yenye uwezo wa kupitisha tani 100,000 kwa mwaka, njia zilizotengenezwa upya, na jengo la abiria lililoongezwa. Shirika la Uganda Airlines likafufuliwa, likaruka tena tarehe 28 Agosti 2019 kwenda Nairobi. Mwaka huo abiria walikaribia milioni mbili. Kisha ikaja ile maradhi ya Korona. Kiwanja kikafungwa kwa abiria mwezi wa Machi 2020 mpaka tarehe 1 Oktoba, na Hija ikawa kwa walioko Saudia peke yao katika miaka 2020 na 2021. Wako wazee wetu waliokuwa wamekwisha kuweka akiba, wakafa katika miaka miwili hiyo hawajafika. Mwenyezi Mungu awaandikie nia yao. Mwaka 2024 abiria wakapindukia milioni mbili.

Kwa hujaji, safari ya angani imeleta maswali ambayo babu zetu wa merikebu hawakuwa nayo. Merikebu ilipokaribia Yalamlam nahodha alitoa khabari, na watu wakaoga na kuvaa ihramu kwa nafasi. Ndege haipunguzi mwendo kwa ajili ya miqati. Ikitoka Entebbe moja kwa moja hufika Jidda katika muda wa kiasi cha saa nne, na miqati hupitwa angani kabla ya kushuka. Kwa hiyo imekuwa desturi njema kuoga na kuvaa shuka kabla ya kupanda, au uwanjani, kisha kutia nia rubani atangazapo au kabla yake kwa tahadhari. Wako waliosema Jidda yenyewe yafaa kuwa miqati kwa ajaye kwa ndege. Wengi wa wanavyuoni hawakulikubali hilo, na mimi nawashauri wanafunzi wangu washike la tahadhari. Aendaye Madina kwanza hana shida hii, yeye atahirimia Dhul-Hulaifa kama wafanyavyo watu wa Madina. Na wanaopitia Addis Ababa au Dubai, kwa kuwa nauli yake huwa nafuu, waulize mapema mahali watakapohirimia, maana mizigo hupelekwa mbele na mtu akajikuta angani shuka zake ziko katika tumbo la ndege. Hili limewatokea wengi.

Saa nne, basi, ni kutoka Entebbe mpaka Jidda. Sasa pimeni kutoka Bwera mpaka Entebbe. Gari la moshi la Kasese lilikoma katika miaka ya 1990. Kilichobaki ni basi: kutoka mpakani Mpondwe mpaka Bwera, Kasese, Fort Portal au Mbarara, Kampala, kisha kilomita 40 nyingine mpaka uwanjani. Ni usiku mzima au mchana mzima. Mzee wa Bwera hutumia saa nyingi zaidi kuivuka Uganda kuliko azitumiazo kuivuka Sudan na Bahari ya Sham. Na katika miaka ya mwisho ya 1990, waasi walipokuwa katika milima ya Rwenzori, njia hiyo haikuwa na amani pia, na lile sharti la tatu la wanavyuoni likawa si la vitabuni tu.

Kasese kuna kiwanja cha ndege. Ni kimoja katika viwanja 13 vya mikoani vilivyo chini ya mamlaka ya anga, pamoja na Arua, Gulu, Soroti, Mbarara na vinginevyo. Hata katika miaka ya 2010 njia yake ilikuwa bado haijatiwa lami, na ndege zilizokitumia zilikuwa ndogo, aghalabu za watalii wa mbugani na za serikali. Zaidi ya mara moja serikali imetangaza kwamba kitapandishwa daraja kiwe cha kimataifa, kwa hoja ya watalii, na samaki, na biashara ya Kongo. Hoja hizo ni za kweli. Lakini mmekwisha kuona katika khabari ya Entebbe mambo matatu yanayotakiwa: njia ndefu, kwa sababu ya joto na mwinuko; ardhi ya kuirefushia; na jambo la kuileta ndege. Entebbe ilikuwa na Gavana na barua zake, tena ikawa njiani mwa jeti za London kwenda Johannesburg. Kilembe ilileta reli Kasese, na Kilembe ilipolala reli nayo ikalala. Kiwanja cha kimataifa kisichokuwa na mzigo wa kila siku kitapata njia ile ile ya reli.

Kwa hiyo mimi si katika wale wanaodai ndege za Jidda zitoke Kasese. Mahujaji wa wilaya moja hawajazi ndege kubwa. Ninalolitaka ni dogo kuliko hilo, nalo lawezekana: njia itiwe lami, mipaka ya ardhi ya kiwanja ijulikane kabla watu hawajajenga juu yake na kuja kubomolewa kwa machozi, na iwepo safari ya kawaida ya kwenda Entebbe kwa nauli ya mwenyeji na si ya mtalii alipaye kwa dola. Kwa mstari ulionyoka, Kasese na Entebbe hazipitani kilomita 300. Ndege ndogo za watalii huuvuka umbali huo kwa saa moja na kitu, na wengi wa wazee wetu wanaoandikwa kwa Hija wana miaka sitini na zaidi, na basi lao huondoka Bwera jioni.